Video ya Susu ilikwama asilimia 63, na hivi ndivyo nilivyoikwamua

Agosti tulimfanyia Susu, yaani nyanya yetu, sherehe ya kutimiza miaka 90 kule Machakos. Hatukukodi mpiga picha. Mimi nilirekodi kwa simu yangu, dada yangu kwa yake, na binamu zetu wakanitumia vipande vyao kwa WhatsApp jioni ile ile. Nilirudi Umoja, Nairobi, na klipu zenye urefu wa karibu saa sita, nikamwahidi Mama kwamba Jumapili ijayo atakuwa na video moja safi ya kuweka kwenye runinga. Ilinichukua wiki tano.

Naandika kwa sababu karibu kila ushauri niliopewa ulikuwa wa kutoa pesa, na shida yangu haikuwa ya pesa hata kidogo.

Shida ya kwanza ilijitokeza nilipopanga klipu tu. Nikicheza, picha inaganda, sauti inaendelea, kisha picha inaruka mbele kama mtu anayevuka madimbwi. Klipu hizo hizo kwenye simu zilikwenda laini kabisa. Fundi mmoja wa barabara ya Luthuli aliiangalia laptopu yangu kwa muda usiofika dakika mbili. "Hii mashine imezeeka, boss. Ongeza RAM." RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nikatoa kama elfu tatu na kitu, nikaenda nyumbani na GB 8 badala ya 4. Programu ilifunguka haraka zaidi, hilo sikatai, lakini Susu aliendelea kuganda na kipande cha keki mkononi. Mwingine akanishauri ninunue laptopu ya wacheza gemu, elfu themanini hivi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza klipu zenyewe ni za aina gani!

Jibu nililipata nilipofungua klipu moja kwa MediaInfo, programu ndogo ya bure ambayo kazi yake ni kukusomea faili lilivyo ndani. Nilisoma mambo mawili. La kwanza, video ilikuwa HEVC, ambayo pia huitwa H.265, kodeki, yaani mbinu ya kubana video, iliyokamilishwa 2013. Inabana vizuri kuliko kodeki iliyoitangulia, H.264, faili linaweza kutoka karibu nusu, ila kuifungua ni kazi nzito. Video ni mfululizo wa picha ziitwazo fremu, na nyingi ndani yake si picha kamili, ni mabadiliko tu kutoka fremu za jirani. Ukiruka katikati ya klipu, kompyuta inalazimika kurudi hadi fremu iliyo kamili na kuijenga upya picha kuanzia hapo. Simu ina sehemu ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Laptopu yangu haina, kwa hiyo prosesa inabeba mzigo wote peke yake, na RAM haiwezi kumsaidia mtu hapo.

La pili lilikuwa kasi ya fremu: inabadilikabadilika. Hapo nikaelewa kilichokuwa kimenila usiku mbili nzima. Hotuba ya mjomba ilikuwa ya dakika ishirini. Mwanzoni midomo na maneno vilikwenda pamoja. Kufika mwisho, watu hemani walikuwa wanapiga makofi kabla neno la mwisho halijasikika. Nilikuwa nimeikata sauti kila baada ya dakika tatu, naivuta kidogo kidogo, naisikiliza, naivuta tena. Nikirekebisha hapa, kule kunaharibika. Kumbe simu, mwanga ukipungua chini ya hema, hupunguza fremu ili kila moja ipate mwanga wa kutosha, halafu nje kwenye jua inazirudisha 30 kwa sekunde. Programu ya kuhariri inapenda hesabu isiyoyumba. Ukiilisha faili linaloyumba, sauti na picha vinaachana.

Dawa ni HandBrake, programu ya kugeuza video, nayo ni ya bure. Kwenye sehemu ya video unachagua H.264, fremu 30, na kasi isiyobadilika. Niliacha laptopu ikizigeuza klipu za simu zetu usiku kwa usiku, zile za WhatsApp nikaziacha. Ukishafanya hivyo ndipo utengeneze proksi, si kabla, maana mimi nilitengeneza kabla nikarudia kazi yote. Proksi ni nakala ndogo za klipu: unakata na kupanga kwa nakala, na wakati wa kurenda, yaani kuunganisha yote kuwa faili moja la video, programu inarudi kwa faili kubwa. Programu za kuhariri Kdenlive na Shotcut zinazo, na DaVinci Resolve pia, hata toleo lake la bure. Asubuhi niliyomaliza hayo, nilisukuma kishale kutoka mwanzo hadi mwisho na picha ikanifuata bila kusita. Niliita mke wangu aje aone.

Sasa kurenda. Video nzima ilikuwa dakika 70, na kwa mashine yangu hiyo ni saa nne hivi. Nikaianzisha baada ya chakula cha jioni, nikalala. Asubuhi nikakuta imekufa kwenye asilimia 63. Jirani akasema ni joto. Nikaiinua juu ya vitabu viwili, nikaielekezea feni, nikaanza tena. Asilimia 63. Nikafunga kila kitu kingine, nikaanza mara ya tatu. Asilimia 63!

Nilikaa nikiitazama ile namba, na ndipo akili ikanijia. Joto halichagui mahali. Stima haichagui mahali. Kitu kinachoanguka mara tatu kwenye hatua ile ile kimejikwaa kwenye jiwe, na jiwe liko njiani. Asilimia 63 ya dakika 70 ni dakika 44. Nikaenda dakika ya 44, nikaweka alama kwenye 43 na kwenye 46, nikaiambia programu irende hapo tu. Ikafa baada ya dakika chache. Sijawahi kufurahia kitu kuharibika kama siku ile, maana sasa sikuhitaji kungoja usiku kucha ili kujua. Nikagawa: dakika moja na nusu ya kwanza ikafa, ya pili ikapita salama. Nikagawa tena, na tena, hadi nikabaki na klipu moja ya sekunde 38.

Ilikuwa ya WhatsApp, kutoka kwa binamu yangu. Susu amekaa kwenye kiti chake, anawabariki vitukuu mmoja mmoja kwa kuwawekea mkono kichwani. Nilipoizima klipu hiyo, kila kitu kikapita. Lakini ningewezaje kuiondoa hiyo?

Nikaitazama polepole kwa VLC. Kwenye sekunde ya 12 doa la kijani lilitokea shavuni mwa Susu, likapotea. Fremu chache zilikuwa zimeharibika. Programu ya kutazamia ilizipita ikaendelea, ya kurenda ikagoma. Nikaipitisha klipu hiyo peke yake kwenye HandBrake, ikatoka na kijiruko kidogo, pungufu ya nusu sekunde. Nikaiweka mahali pa ile mbovu. Saa kumi alfajiri render ilifika mia kwa mia.

Flashi nayo ilikataa. Faili lilikuwa GB 5.8, flashi ya GB 32 tupu, na bado naambiwa faili ni kubwa mno. Flashi ilikuwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja la kufikia GB 4. Ningeweza kuibadilisha iwe exFAT, ila runinga ya Mama ni ya zamani na exFAT haiisomi. Nikapunguza kiasi cha data ya video kutoka megabiti 11 kwa sekunde hadi 6.5, nikapata GB 3.4, na kwa macho yangu tofauti sikuiona.

Nilimwomba binamu anitumie klipu ya Susu upya, safari hii kama dokumenti ili isibanwe. Alikuwa ameshaifuta kwenye simu.

Mama alinipigia Jumapili jioni. "Mwanangu, Susu ameifikia pale anapowabariki watoto. Anataka irudishwe. Nabonyeza wapi?"