Alivyogeuza gari pale Rufiji

Jana jioni mzigo wa Lindi umefika. Nimeufuata mwenyewe Mbagala Rangi Tatu, kiroba kimeshonwa mdomo, ndani korosho za kubangua na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, ina udongo wake bado, maana wifi yangu si mnamjua, hatumi kitu kilichooshwa, anaamini ukiosha kinaharibika njiani. Nikamwaga ming'oko kwenye karai huku uani, nikatia maji, ile harufu ya udongo wa kusini ikapanda puani nikabaki nimeinama pale mikono ndani ya maji. Safari ile ya 2007 ya kwenda Lindi kwao mume wangu ikanirudia yote. Nimewahi kuigusia gusia hapa lakini kipande cha Rufiji sijawahi kukiandika, na baba watoto nimemuomba ruhusa kabla sijaanza, akafikiri kwanza, afu akasema andika.

Basi ilikuwa Desemba, joto la kaskazi lile ambalo Dar hata usiku halipoi. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja nyuma, mtoto bado, na ukoo wa kikeni kwake walikuwa hawajaniona kwa macho. Kule kwao mjomba ndo mtu, na bibi mzaa mama ndo mtu zaidi, kwa hiyo kila simu ilikuwa ni ile ile, utatuletea lini mwenzio tumuone. Mama mkwe sikumkuta. Alitangulia mbele ya haki 2004 na mimi namjua kwa picha moja tu, amevaa kanga amekaa kwenye kigoda, haangalii kamera.

Tukaazima Corolla ya shemeji. Nyuma tumepakia mchele, sukari, dumu la mafuta ya kupikia, sabuni za mche, doti za kanga za bibi na mashangazi, tukatoka kabla ya adhana ya alfajiri. Kongowe, Vikindu, Mkuranga kunapambazuka na mananasi yamepangwa barabarani, Kibiti tukanywa chai na chapati, Ikwiriri tukajaza mafuta. Mume wangu njia nzima anaongea. Ni mtu wa stori, mnamjua, kila mti ana habari yake, hapa basi liliwahi kupinduka, pale kuna bwana alikuwa anauza nyama ya kuchoma we acha tu. Mimi nimevua viatu nimepandisha miguu kwenye kiti, nacheka, naona raha, nasema moyoni kumbe ndoa ndo hii.

Tulipotoka Ikwiriri akanyamaza.

Sikujali sana mwanzoni, nikajua anaangalia njia. Mara daraja hilo mbele yetu, Daraja la Mkapa, refu kweli, mita 970, lilifunguliwa 2003 na Mkapa mwenyewe akiwa Rais, naye mtu wa kusini huko huko, Lupaso, Masasi. Mto Rufiji chini maji yake ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, yanakwenda kimya. Kwa mwendo wa gari unavuka hata dakika haijatimia vizuri. Tukavuka, tukafika ng'ambo, nikamwambia haya sasa tuko kusini. Hakunijibu. Akapunguza mwendo, akaangalia kioo, akageuza gari, tukavuka tena kurudi upande wa Dar.

Nikadhani amesahau kitu Ikwiriri. Nikamuuliza umesahau nini, simu? Kimya. Kufika upande ule akageuza tena. Tukavuka tena. Mikono yake imeshika usukani mpaka vifundo vya vidole vimebadilika rangi, na nilichokiona ambacho sikisahau ni midomo yake, ilikuwa inatembea, kama mtu anayevuta uradi, baadaye akaniambia alikuwa anahesabu. Anahesabu sekunde za kuvuka. Alitaka kujua ni ngapi.

Safari hii alipofika ng'ambo ya kusini akaegesha pembeni, nje kabisa ya daraja, akazima gari. Joto likaingia. Askari mmoja aliyekuwa kivulini akatuona, si ajabu maana tumepita mbele yake mara zote hizo, akaja taratibu. "Habari zenu. Mzee, kulikoni, kuna kitu kimedondoka?"

"Hapana afande, shikamoo. Natafuta pantoni ilikuwa inatia nanga wapi."

Yule askari alikuwa mtu mzima kidogo. Akamwangalia, akaniangalia na mimi, akasema pantoni ya Ndundu, ya zamani? Akanyoosha mkono kuelekea mtoni. Afu akasema jambo la utu sana, akasema kaeni mpumzike, mkimaliza mtaendelea, akaondoka.

Ndo hapo akanisimulia. Miaka ya 1980 mwanzoni, yeye ana kama miaka minane, mdogo wake wa kike, huyu wifi yangu, ana minne. Wifi akashikwa na homa kali, shingo imekakamaa, Lindi wakaambiwa mpelekeni Muhimbili. Mama yao akawabeba wote wawili, hakuwa na wa kumwachia huyu mkubwa, wakapanda basi. Ilikuwa masika. Kufika mtoni mto umefurika, umekula kingo, pantoni imefungwa haiendi popote. Mabasi na malori yamepangana, watu wanalala chini ya magari, mama lishe wamejenga vibanda kabisa kwa sababu wanajua watu hawatoki leo wala kesho. Siku ngapi walikaa hakumbuki, ila anakumbuka mama yake akichovya kanga kwenye ndoo anamfunika mtoto, kanga ikikauka anachovya tena.

Kulikuwa na vijana wenye mitumbwi. Waliokuwa na haraka na roho ngumu walilipa wakavushwa, ng'ambo wanatafuta usafiri mwingine. Asubuhi moja mama akaamua. Akamfunga mtoto mgongoni, akamshika huyu mkono, wakashuka mpaka majini. Mama akatia mguu mmoja kwenye mtumbwi. Hapo mume wangu akanyamaza muda, nikampa chupa ya maji, akanawa uso badala ya kunywa.

"Nilikataa," akasema. "Nilishika ncha ya kanga yake nikakaa chini kwenye tope nikalia. Maji yalikuwa yanapita na magogo, mtu mmoja pale alikuwa ametoka kusema kuna mamba. Nikalia mpaka sauti ikaisha. Mama akasimama hivyo, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje. Afu akautoa ule mguu."

Kuna mama mwingine naye alikuwa na mgonjwa, akapanda ule mtumbwi. Ulivuka salama. Hilo nalo alilikumbuka, akalisema kwa sauti ndogo sana.

Baadaye maji yalipungua, pantoni ikavusha, wakafika Muhimbili na wifi akapona. Daktari akamwambia mama ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba ugonjwa huu ukichelewa unaweza kuondoka na kitu. Uliondoka na masikio yake yote mawili. Mimi tangu nimjue mume wangu nilikuwa najua ana dada hasikii, niliambiwa aliugua utotoni, nikaridhika, nani anauliza zaidi ya hapo?

Nikamwambia, mume wangu, ulikuwa mtoto. Akasema najua. Akasema kila mtu angemwambia hivyo hivyo ndo maana hajawahi kumwambia mtu. Nikamuuliza kama mama yake aliwahi kumlaumu, akasema hata mara moja, alikuwa anasema mipango ya Mungu basi. Ila siku daraja linafunguliwa, wakati huo yeye alikuwa likizo nyumbani Lindi, mama alisikiliza redioni mpaka waliposema urefu wake, akainuka akazima redio, akaenda kulala, na ilikuwa mchana. Mwaka uliofuata akafariki. Kwenda msibani mume wangu alivuka usiku ndani ya basi, watu wamelala, hakuona kitu. Kwa hiyo ile Desemba ndo mara ya kwanza anavuka mchana, mwenyewe yuko kwenye usukani.

Sikuwa na neno. Nilimshika mkono tukakaa, magari yanapita juu ya daraja yanaunguruma, mengine yanapiga honi, watu wana safari zao. Na nitasema ukweli nilichokuwa nawaza, nilikuwa namuwaza yule mama na ule mguu. Mgongoni una mtoto anaungua, chini una mtoto anakung'ang'ania, mbele mto umefurika. Nimezaa watatu tangu siku ile na bado sijui mimi ningeutoa mguu au ningeutia wa pili.

Safari iliyobaki nitaikimbiza. Ndundu mpaka Somanga, kile kipande cha kilomita kama 60 ambacho lami ilikuwa bado, tukazama mchangani, vijana wa kijijini wakakata matawi wakatia chini ya taili wakasukuma, tukawapa hela ya soda. Somanga tukala samaki wa kukaanga wa moto, na yeye akaanza kuongea tena kidogo kidogo, akanionesha upande wa baharini ilipo Songo Songo, kwamba gesi inayozalisha umeme wa Dar tangu 2004 inatoka huko na inapita chini ya udongo njia hii hii tuliyokuja. Nangurukuru tukakata kushoto kwenda Kilwa Masoko kwa mjomba, tukalala, mjomba akanihoji maswali yote ya kujua mimi ni nani, akaridhika. Kesho yake jioni tukaingia Lindi, ile bahari inavyokujia mbele ukishuka mjini, uzuri wake sitauweza hapa.

Bibi akanipokea kwa vigelegele na ule utani wao, "Karibu mke mwenzangu, umeniibia mume wangu sasa umekuja kunitambia." Nikamwambia shikamoo bibi, akakataa kuitikia mpaka nimwite mke mwenzangu. Watu wakacheka sana uani.

Wifi akatoka jikoni anajifuta mikono. Hakuwahi kusoma shule ya viziwi, lugha yake ni ya pale nyumbani, waliitunga wenyewe. Kaka yake anamwita kwa kupitisha kidole kwenye nyusi ya kulia, ana kovu pale. Mimi akaniangalia kidogo, akabana pembeni ya pua yake kwa vidole viwili, kwa sababu ya kipini changu, na mpaka leo hilo ndo jina langu. Akamuuliza kaka yake habari za njia. Mume wangu akalaza kiganja kimoja bapa, cha pili akakipitisha chini kinatikisika kama maji. Wifi akatingisha kichwa kwa furaha, akapitisha mkono hewani, fyuu, upesi upesi siku hizi.

Mimi nilikuwa naangalia mikono ya mume wangu. Nilingoja. Ikashuka, ikachukua dumu la mafuta, akaingia nalo ndani.

Usiku nikamuuliza, anajua? Akasema hajui, alikuwa na miaka minne na homa, atakumbuka nini. Mama hakumwambia, na bibi hagusi habari hiyo.

Sasa wifi ana wajukuu, ana simu kubwa, anapigia video wanangu wanaongea naye kwa mikono kuliko hata wanavyoongea na mimi. Anakuja Dar na basi, anapanda alfajiri anafika siku hiyo hiyo, lami yote. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, baba watoto hakulala. Hatukuwa na mtu wetu njiani. Alikaa sebuleni na simu, anasoma habari za mabasi yaliyokwama, anauliza kila mtu anayemjua huko kama kuna wagonjwa, kama kuna magari ya wagonjwa yaliyoshindwa kupita. Wanangu walishangaa, mimi sikushangaa.

Msimamo wangu anaujua. Naona wifi aambiwe, na aambiwe na kaka yake, uso kwa uso, kwa mikono ile ile. Ni mtu mzima, ni maisha yake, ana haki ya kujua mama yake alisimama vipi kwenye ule mto. Yeye anasema atakuwa anajitua mzigo kwa kumbebesha mtu ambaye hajawahi kulalamika, na kwamba mama kama alinyamaza alikuwa na sababu. Na kusema kweli kuna siku nikimsikiliza naona ana hoja, afu nikimuona wifi kwenye video anavyochekaga narudi kule kule kwangu. Hata jana usiku tumeanza hayo hayo, ming'oko iko jikoni inachemka, hatukufika popote.

Desemba hii tunakwenda, Mungu akipenda, na watoto wote. Nimemwambia kuanzia Ikwiriri naendesha mimi.