Mto Unaoelekea Kwenye Barafu

Jumapili. Theluji imeanza kuyeyuka hapa Fargo, mji wa North Dakota, Marekani, nikashuka hadi ukingoni mwa mto wetu, Red River. Kingo bado zimeganda, lakini katikati mkondo umefunguka, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nikateka kidogo kwenye chupa. Wakati wa kuondoka mguu ulitoka, kiatu kikabaki kwenye udongo wa mfinyanzi, ikabidi niking'oe kwa mikono miwili.

Udongo huo ni wa ziwani. Zamani sana, barafu kuu ilipokuwa ikirudi nyuma, iliziba njia ya maji ya kwenda kaskazini, likajaa ziwa ambalo wataalamu wanaliita Agassiz. Ziwa likaondoka, sakafu yake ikabaki, na hiyo ndiyo tambarare tunayolima ngano na kujenga nyumba. Mto unaanzia Wahpeton, inapokutana mito ya Otter Tail na Bois de Sioux, unatenganisha majimbo ya North Dakota na Minnesota, kisha unaingia Kanada hadi Ziwa Winnipeg. Ni kilomita kama 880. Mteremko wake ni kama sentimita 10 tu kwa kilomita, kwa hiyo unajipindapinda kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Usiku nikampigia mama simu. Amekulia Ikwiriri, kando ya Rufiji, mafuriko anayajua.

"Mwanangu, huo mto unaelekea wapi?"

"Kaskazini, mama."

"Na huko kuna joto?"

"Hapana. Huko bado barafu."

Akanyamaza kidogo. "Basi hayo maji yanakwenda kwenye mlango uliofungwa."

Sijasikia mtu akilieleza vizuri kuliko hivyo. Kusini kunayeyuka kwanza, maji yanashuka, mbele yanakuta mto umeganda, na bonde la kuyabana halipo. Yanatanda tu mashambani. Aprili 1997 yaliufunika mji wa Grand Forks, watu zaidi ya 50,000 wa pande zote mbili za mto wakahama, na majengo ya katikati ya mji yakateketea kwa moto huku yamesimama majini. Machi 2009 kipimo cha mto kilifika karibu mita 12 na nusu hapa kwetu. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, bado anasuguasugua mabega akisimulia mifuko ya mchanga aliyoijaza.

Chupa iko dirishani. Saa tano usiku sasa, tope limetua unene wa ukucha, na maji ya juu bado hayajang'aa.