Shangazi na Chupa ya Maji

Shangazi yangu hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Alikuwa na presha tu, na vidonge vyake alivimeza kila asubuhi bila kukosa. Shida yake ilikuwa safari. Akijua kesho anapanda basi, maji aliyaacha tangu jioni.

"Mwanangu, mimi mtu mzima," aliniambia siku ile nilipompa chupa. "Nikinywa nitaanza kumsumbua dereva. Nitakunywa tukifika."

Ulikuwa msimu wa joto, lile joto ambalo hata upepo wa dirishani unachoma. Kufika saa sita mchana basi likaharibika. Wengi tukashuka kutafuta kivuli, yeye akagoma. Miguu inamuuma, alisema. Kumbe vigimbi vilikuwa vimeanza kukaza. Niliporudi kumwangalia nikamshika mkono: wa baridi, umelowa jasho chapachapa. Midomo imekauka. Akajaribu kuinuka, akayumba, nikamdaka.

"Mpisheni, mimi ni muuguzi," akasema mama mmoja kutoka viti vya nyuma.

Tukamteremsha, tukamlaza kivulini, miguu juu ya begi. Muuguzi akamlegeza nguo, akalowesha mtandio na kumpangusa shingo na kwapa, mwingine akipepea. Huku akimhoji: "Mama, jina lako nani? Unakwenda wapi? Na huyu ni nani yako?" Shangazi akajibu yote, la mwisho kwa ukali kidogo. Nilidhani anamtuliza tu. Baadaye ndipo aliponieleza kuwa alikuwa anapima akili. Aliyezidiwa na joto akianza kuchanganya maneno, au mwili ukipita nyuzi 40, hapo hakuna tena kusubiri: anamwagiwa maji mengi upesi na kukimbizwa hospitali.

Abiria mmoja, kwa nia njema, akaleta soda. Muuguzi akaikataa. Sukari nyingi namna ile, alisema, huvuta maji yarudi utumboni, na mtu anaweza kuishia kuharisha. ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, hakuna aliyekuwa nayo, lakini basi zima la watu halikosi sukari na chumvi. Akachukua chupa ya lita 1 ya maji safi, akatia vijiko 6 vya chai vya sukari, kisha nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ile chumvi aliisawazisha kwa ukingo wa tiketi yake, taratibu, punje zilizozidi zikamwagika chini. Hapo Shangazi akafumbua macho.

"Daktari amenikataza chumvi!"

"Amekukataza ya kila siku, mama. Ya leo umeimaliza kwa jasho. Hii ni dawa."

Akaonja yeye kwanza kuhakikisha haizidi chumvi ya machozi, kisha akaanza kumnywesha kwa mafunda madogo madogo. Utumbo huipokea chumvi vizuri ikiongozana na sukari, na maji huzifuata. Ndiyo maana vyote viwili vinahitajika, na kwa kipimo. Fundi alipomaliza kazi, Shangazi alikuwa ameketi, rangi imemrudia, anauliza nani amekaa karibu na mizigo yake.

Tulipofika nilimpeleka hospitali hata hivyo. Daktari akatazama vidonge vyake: ni vya aina inayomfanya mtu akojoe zaidi. Akatuambia asiviache kwa uamuzi wake, ila kabla ya safari ya msimu wa joto apite wazungumze. Akaongeza kuwa umri ukisogea kiu nayo hupungua, kwa hiyo mzee asingoje kuisikia ndipo anywe.

Ndugu walipopata habari wakalilaumu jua. Mimi nalaumu aibu ya choo. Wangapi wanasafiri koo kavu, hasa akina mama, kwa kuona haya kumwomba kijana wa kiume asimamishe gari?

Siku ya kurudi, Shangazi alichagua kiti cha nyuma ya dereva, chupa mapajani. Kabla gari halijaondoka akamgusa bega.

"Baba, mimi leo nakunywa maji. Nikikwambia simama, simama."

Dereva akacheka. "Sawa, mama."

Safari ikakolea, na kweli akamwambia asimame. Dereva akatangaza kuchimba dawa. Nilidhani atashuka peke yake. Nusu ya basi ikateremka.