Miguu Ileile, Makocha Wawili: Nilivyomudu Futiboli na Riadha Texas

Nilihamia Texas na familia yangu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, nikiwa kijana wa soka tu. Futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, sikuwa nimeiona. Kocha wa riadha wa shule aliniona nikikimbia mita 100, na haikupita wiki kocha wa futiboli naye akanifuata. Texas hilo ni jambo la kawaida. Futiboli huchezwa kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, riadha kuanzia Februari hadi Mei, na kijana mwenye mbio hugombewa na pande zote mbili.

Mama alikataa. Alitazama mechi moja, akaona vijana wanavyogongana, akaniambia, "Mwanangu, tumekimbia vita, leo wewe unaenda kutafuta kuvunjwa shingo?" Sikubishana naye. Nilimpeleka kwa kocha, baba mdogo akatafsiri. Kocha alimwonyesha nafasi yangu, mpokeaji wa pembeni, yaani anayekimbia mbele kudaka mpira unaorushwa, na namna tunavyofundishwa kuanguka. Mama akakubali kwa sharti la masomo, na sheria ya Texas ilikuwa upande wake: ukipata chini ya alama 70 darasani, unasimamishwa kucheza.

Watu huniuliza nilipata wapi muda. Mimi kilichonisumbua zaidi ni mwili. Futiboli inataka kilo, riadha inazikataa. Halafu mbio zenyewe hazifanani. Mpokeaji huanza akiwa amesimama, magoti yamekunjwa kidogo, macho kwa beki, na hatua zake ni fupi ili aweze kukata kona ghafla. Kwenye mita 100 unapiga goti, vidole nyuma ya mstari, nyayo kwenye bloku za kuanzia. Bastola ikilia unaisukuma ardhi nyuma yako, na kichwa kinabaki chini mita 20 au 30 za mwanzo. Mwili uliozoea kuinua uso haraka kutafuta mpira hautaki kukaa chini namna hiyo. Kila Januari nilirudi kwenye mita 10, kisha 20, nikiinuka pole pole, mpaka shingo ikatii.

Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayowatoa wengi mchezoni. Zoezi nililolishika mwaka mzima ni la kupiga magoti, mwenzako akikushika vifundo vya miguu, unajishusha mbele taratibu bila kukunja kiuno. Linauma sana, lakini sijaona lililonilinda kuliko hilo.

Shujaa wetu alikuwa Bob Hayes, na bado namheshimu kupita kiasi. Kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 Mmarekani huyu alishinda mita 100, kisha kwenye mbio za kupokezana vijiti akapokea kijiti timu ikiwa ya tano, akamaliza wa kwanza. Mwaka uliofuata alikuwa Dallas Cowboys, timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli, na mabeki waliposhindwa kumkaba mmoja mmoja, timu pinzani zikaanza kulinda maeneo badala ya mtu. Mwaka 1972 akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Mwaka 2021, DK Metcalf wa Seattle Seahawks, mtu wa zaidi ya kilo 100, alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.37 na bado akawa wa mwisho kwenye kundi lake. Wengine walimcheka. Mimi niliona heshima kubwa: kwa mwili ule, muda ule ni wa ajabu.

Nilipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, vyuo vilianza kupiga simu, na hapo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo wazazi wetu hawaambiwi. Wakati huo timu kubwa ya futiboli ya chuo iliruhusiwa udhamini 85 wa masomo, riadha ya wanaume 12.6 tu, tena unagawanywa vipande vipande. Ukipewa msaada wa fedha na ukacheza futiboli, unahesabiwa upande wa futiboli. Kwa hiyo kocha wa riadha anakupata bila gharama na anakupenda, lakini mwenye kauli juu ya miguu yako ni kocha wa futiboli. Na futiboli ya chuo ina mazoezi 15 ya majira ya machipuko, katikati kabisa ya msimu wa riadha.

Kabla ya kusaini niliomba makocha wote wawili wakae nami meza moja. Tuliandika kalenda moja. Siku ya mbio kali ndiyo ilikuwa siku ya vyuma vizito na mazoezi ya futiboli, vyote pamoja, kisha siku mbili bila mbio za kasi. Wiki yenye mashindano, mazoezi ya kugongana nilisamehewa. Mwenzangu mmoja, mwenye kasi kunizidi, aliahidiwa mambo hayohayo kwa mdomo kwenye chuo kingine. Machipuko yalipofika, hakuruhusiwa kukanyaga uwanja wa riadha.

Nilimaliza chuo nikiwa nimecheza futiboli misimu yote na kukimbia mkondo wa tatu wa mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne, ule wa kona, ambao wachache wanautaka. NFL haikuniita. Siku hizi wazazi wa Kikongo hapa mjini hunipigia watoto wao wanapotafutwa na vyuo, na simu ikianza tu, nauliza kama kalenda ya machipuko imeandikwa, na kama makocha wote wawili wameiona.