Kumfuata taa wa umeme Pemba

Nilikwenda Pemba likizo ya Desemba kwa ajili ya samaki ambaye wavuvi hawamtaki. Nyama yake ni teketeke, sokoni hana bei, na akinaswa wavuni humtia mtu ganzi kutoka vidoleni mpaka begani. Ni taa mwenye umeme. Sababu ya kumtafuta ilianzia mbali na bahari, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita.

Nilifundisha bayolojia huko kabla ya kurudi nyumbani Unguja. Nyuma ya nyumba niliyopanga palikuwa na mwalo wa kuchenjulia dhahabu. Mawe yanasagwa kwenye karasha, mchanga unaoshwa, kisha mtu anamimina zebaki ndani ya beseni na kuukanda mchanga kwa mikono mitupu, maana zebaki huikamata dhahabu na kuacha mengine yote. Donge linalopatikana huchomwa juu ya mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, ikapaa, dhahabu ikabaki. Nimemwona mama akichoma donge hilo na mtoto amembeba mgongoni, moshi unawapitia usoni wote wawili.

Wanafunzi wangu walikuwa wakiniletea domodomo kutoka ziwani, samaki mwenye mdomo uliochongoka kwenda chini. Tulimtia kwenye ndoo, tukatumbukiza nyaya mbili zilizounganishwa na kikuza sauti cha redio mbovu, na darasa zima likanyamaza kusikiliza: tik, tik-tik, tik. Ndiyo sauti ya umeme wake. Domodomo hutoa mapigo madogo kutoka sehemu ya mkiani, kisha ngozi yake husoma namna mapigo hayo yanavyopindishwa na mawe, majani na samaki wenzake. Hivyo ndivyo anavyoona usiku na kwenye maji ya tope. Mtoto mmoja akauliza: zebaki ya mwaloni ikifika ziwani, huyu atasikia nini? Swali hilo nilirudi nalo Unguja, na halijaniachia.

Meli ilitoka bandari ya Malindi, Unguja, asubuhi. Kaskazi haikuwa kali, ila tulipoiacha Nungwe nyuma mawimbi yalianza kutunyanyua na abiria wakatulia wenyewe. Mkoani nilipanda daladala ya Chake. Barabara nzima ilinukia karafuu. Kila ua lilikuwa na majamvi, na watoto wakizigeuza kwa miguu. Ami yangu alinipokea Wesha. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, na kabla sijatua begi akaniuliza, "Kweli mwanangu umevuka maji kwa ajili ya yule taa? Sisi tukimpata tunamrudisha kwa upondo."

Alinieleza kuwa huonekana zaidi kwenye viwanja vya mchanga vilivyo kando ya miamba. Mchana hujizika, yakabaki macho na vitundu viwili vya kuvutia maji. Wanaotafuta pweza wakati wa bamvua ndio wanaokutana naye vibaya: mtu anachokoa kwa chuma akidhani ni shimo la pweza, na umeme unapanda na chuma hadi mkononi. "Hakuui," alisema, "lakini chuma unakitupa bila kupenda."

Tulitoka baada ya Alfajiri kwenda kuangalia jarife alilolitega na wenzake nje ya eneo la hifadhi la Misali. Bahari ya upande ule ni ajabu kwa aliyezoea mwambao wa kina kifupi. Unakata mwamba ukiwa unaona chini, kidogo tu maji yanageuka buluu nzito, kwa sababu mlangobahari wa Pemba unazama mamia ya mita baina ya kisiwa na bara. Ndiyo maana hupita papa, jodari na nduwaro wa kutosha karibu na nyumba za watu.

Siku ya kwanza hatukumpata. Wala ya pili. Alipokuja hatimaye alikuwa mdogo, mviringo, rangi ya kahawia yenye michirizi kama ya jiwe la marumaru, mkia mfupi mnene. Vijana wawili wakasogea nyuma. Ami akaniambia, "Mguse mgongoni, karibu na kichwa, kwa kidole. Usimshike kwa mikono miwili."

Nikamgusa. Ulikuja mkupuo wa mapigo mafupi yaliyofuatana, mkono ukajivuta wenyewe kabla sijaamua kuuvuta. Kwa muda kiganja kilikuwa kizito, kama si changu. Ami akammwagia maji, akamkatia nyuzi za wavu zilizombana, akamsukuma kwa upondo. Akazama polepole akipepesa mkia.

Njia nzima ya kurudi Wesha niliwaeleza wale vijana kilichonipata. Pande mbili za kichwa cha taa huyo, chini ya ngozi, kuna viungo viwili vyenye umbo la figo, vimejaa nguzo zilizobanana. Kila nguzo ni mamia ya vibapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Asili yake vibapa hivyo ni misuli iliyoacha kujikunja ikabaki na kazi ya umeme peke yake. Kimoja hutoa sehemu ndogo tu ya volti, lakini mamia yakifyatuka kwa pamoja zinapatikana volti makumi, na yule taa mkubwa wa Atlantiki ameandikwa kufikia 220. Amri hutoka ubongoni, ikashuka kwa mishipa ya fahamu, na kwenye ncha ya kila mshipa humwagwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ng'ambo ya pili kuna kipokezi. Kikiipata, kinafungua mlango, ioni za sodiamu zinaingia, umeme unazuka. Kemikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiambia misuli ya ami ivute kamba ya jarife.

Taa huyu ana vipokezi hivyo kwa wingi mno. Miaka ya 1970 wanasayansi walivitoa kwenye viungo vyake, na vya yule samaki wa umeme wa Amerika Kusini aliye mrefu kama mkunga wa baharini, wakavisafisha na kuvichunguza. Mengi tunayoyajua leo juu ya namna mshipa unavyozungumza na msuli yalitoka kwa samaki anayesukumwa kwa upondo. Na humo humo maabara walivitia vipokezi hivyo michanganyiko ya zebaki, wakaona zebaki inakishika kipokezi na kuharibu namna kinavyoipokea asetilikolini. Sababu ni salfa. Zebaki huvutwa mno na salfa, na protini za mwili zimebeba salfa mahali nyeti. Zebaki ikishaganda hapo, protini haikunjuki tena inavyotakiwa.

Kijana mmoja akaniuliza, na haki yake, zebaki ya Geita inamhusu nini yeye wa Wesha. Pemba hakuna dhahabu.

Mvuke wa zebaki unaweza kukaa hewani miezi mingi. Unavuka mipaka, unashuka na mvua baharini na ziwani. Uchimbaji mdogo wa dhahabu, ukijumlisha nchi zote unakofanyika, ndio unaotoa zebaki nyingi zaidi hewani kuliko kazi nyingine yoyote ya binadamu, hata uchomaji wa makaa ya mawe. Ikifika mahali pasipo na oksijeni, hasa kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo yenye kutisha. Vijidudu vinaimeza, dagaa wanavila vijidudu, kibua anamla dagaa, jodari anamla kibua, papa anamla jodari. Kila ngazi sumu inaongezeka, kwa kuwa mwili unaipokea haraka na kuitoa kwa shida. Papa aliyeishi miaka mingi anabeba aliyokusanya miaka yote hiyo. Naye hana nyumba ya kudumu. Leo yuko hapa, mwezi ujao yuko kwingine.

Ubongo una ukuta unaozuia sumu nyingi zisitoke kwenye damu kuingia ndani. Zebaki ya methili huupenya kwa kujibandika kwenye kirutubisho ambacho ubongo unakihitaji, ukuta ukaifungulia wenyewe. Ndani hupenda kuua seli ndogo za serebela, ile sehemu ya nyuma inayolinganisha mwendo. Hapa ndipo ninapomrudia domodomo na swali la mwanafunzi wangu. Serebela ya domodomo ni kubwa mpaka imeufunika ubongo uliobaki, kwa sababu hesabu ya mapigo yote yale hufanyika humo na kwenye sehemu jirani. Jamaa yake mmoja wa Afrika Magharibi na Kati amepimwa akakutwa ubongo wake unatumia kama asilimia 60 ya oksijeni ya mwili mzima. Wetu sisi hutumia kama asilimia 20. Mapigo ya samaki wa ukoo huo yamewahi kutumiwa Ulaya kupimia usafi wa maji, maana maji yakiingia sumu mwendo wa mapigo hubadilika kabla samaki hajafa. Samaki aliyeweka maisha yake yote kwenye mishipa ya fahamu, kisha ziwa lake limezungukwa na mialo ya zebaki! Mimi naona huyo ndiye wa kwanza kuulizwa hali.

Jibu la binadamu lilishatolewa Minamata, Japani. Kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki kwenye ghuba tangu 1932 hadi 1968. Paka waliokula samaki wa hapo walianza kuyumba na kuzunguka ovyo. Kisha watu: ganzi ya midomo na vidole, macho kuona katikati tu, ulimi mzito, mkono kushindwa kufunga kifungo. Ugonjwa uliripotiwa rasmi 1956. Wapo wanawake waliojifungua watoto walioharibika ubongo ilhali wao wenyewe hawakuonyesha dalili kubwa. Ganzi ya taa wangu ilikwisha kabla hatujafika kwenye mwamba. Ile ya Minamata haikwisha.

Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji huo ulitiwa saini 2013, ukaanza kutumika 2017, na Tanzania iliuridhia 2020. Nafurahi. Lakini nimeona beseni la mwaloni, na najua mchimbaji hataiacha zebaki mpaka apewe njia nyingine ya kuipata dhahabu yake.

Nyumbani kwa ami chakula cha usiku kilikuwa wali wa nazi na mchuzi wa papa mkavu, na binti yake, mwenye mimba changa, akapakuliwa kwanza kama inavyostahiki. Sikuweza kunyamaza. Shangazi aliniangalia kwa wasiwasi. "Sasa mwanangu ale nini? Sisi hapa hatuna nyama ya kila siku."

Nikamwambia asiache samaki hata kidogo. Mafuta ya samaki yanajenga ubongo huo huo wa mtoto tunaouhofia. Abadilishe tu aina: dagaa, vibua, tasi, changu wadogo, wale anaowapata kwa fungu. Papa na nduwaro awaache mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha. Shangazi akauliza kama kumtia chumvi na kumwanika hakuitoi sumu. Hakuitoi, wala kukaanga, wala kuchemsha na kumwaga maji. Zebaki imeshikana na nyama yenyewe, na papa akikauka maji ndiyo kwanza kila kipande kinakuwa na zebaki nyingi zaidi. Kisha nikamuuliza binti juu ya kopo la krimu nililoliona dirishani, lisilo na maandishi ya viungo. Krimu nyingi za kung'arisha uso zimekutwa na zebaki, na hiyo haihitaji papa wala upepo kutoka Geita. Inapakwa moja kwa moja. Alilichukua akalifunga kwenye mfuko. Lile donge la hasira nililokuwa nalo dhidi ya wanaozileta bado ninalo.

Asubuhi tulikwenda naye kliniki. Mkunga aliyekuwepo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wajawazito wengi wanaambiwa "kuleni samaki" na basi. Nilimweleza pia kuwa mwili hupunguza nusu ya zebaki ya samaki kwa takriban siku 50 hadi 70, kwa hiyo anayepanga kubeba mimba ana sababu ya kuanza kuchagua samaki miezi kadhaa kabla. Akanipa karatasi niandike majina, ya hapa hapa, si ya vitabuni. Nikaandika wa kuliwa sana upande mmoja, na upande wa pili papa, nduwaro, nguru mkubwa, jodari. Akaisoma, akachukua kalamu yangu, mbele ya jodari akaongeza "mkubwa", kisha upande wa kwanza akaandika sehewa, kwa kuwa, alisema, hao ndio wanaonunulika, na wakiwa wadogo hawajaishi miaka ya kukusanya sumu. Alikuwa sahihi.