Nguzo ya Kamba ya Nguo

Masomo ya wiki hii: Yeremia 1:11-12 na Yakobo 5:7-8

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Mpwa wangu aliyeko Minneapolis, Marekani, alinitumia picha juma lililopita. Theluji imeyeyuka nusu, iliyobaki imechafuka pembeni mwa barabara, na katikati yake kimetokeza kiua kimoja cha zambarau, kidogo kama kifungo cha shati. Chini ya picha akaandika (Ssenga ni mimi, shangazi yake): "Ssenga, leo nimetoka bila koti! Huko kwenu machipuko yamefika?"

Nilicheka peke yangu jikoni. Majira ya machipuko! Umwulize mtu wa Mpigi, hapa Uganda, machipuko yanafika lini, atakutazama kama umepigwa jua. Hapa kwetu ni kitu gani kisichochipua? Fimbo ukiisahau ardhini wakati wa mvua, utakuta imetoa majani. Miaka minne iliyopita mume wangu alikata gogo la jirikiti, akalichimbia uani liwe nguzo ya kamba ya nguo. Leo nguzo hiyo ni mti. Kila nikianika mashuka, kwanza nayaondoa matawi usoni.

Kwa hiyo nilikuwa karibu kumjibu kwamba machipuko hayatuhusu, sisi ni kijani Januari hadi Desemba. Ndivyo tunavyopenda kuwaambia walio mbali. Lakini anayesema hivyo hajapanga foleni ya jerikeni kisimani mwezi wa Februari. Tuna kyeya yetu, yaani kiangazi, na kila mmoja wenu anaijua: vumbi jekundu juu ya kila jani lililo karibu na barabara, udongo unaorudisha jembe kwa mlio, ng'ombe wanaotembea kwa kusitasita. Waganda waliupa mwezi wa pili jina la Mukutulansanja, kwa sababu ya majani makavu ya migomba yanayokatika. Hilo si jina la watu wanaoishi katika kijani cha mwaka mzima.

Katika mwezi huohuo nguzo yangu ya nguo ilipukutisha majani yote. Ikabaki mifupa. Mtu mgeni angesema imekufa, aende kuleta panga. Kisha asubuhi moja nikaona ncha za matawi zimewaka. Maua mekundu, yamesimama wima kama mienge, na hakuna jani hata moja. Mvua haijanyesha. Hata wingu la maana halijapita. Ndiyo tabia ya jirikiti: huchanua katika ukavu, mtupu, kabla ya kuvaa majani.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama nikamsifu Mungu. Sikufanya hivyo. Maua yalikuwa yameangukia kanzu nyeupe ya mume wangu, ambayo nilikuwa nimeifua kwa maji ya kununua, na nilichosema hakifai kuandikwa katika tafakari.

Siku kadhaa baadaye ndipo nilipofungua somo letu. Yeremia ni kijana, ameitwa juzi tu, bado anajitetea kwamba hajui kusema. Bwana anamwuliza: unaona nini? Naye anajibu kwamba anaona ufito wa mlozi. Jibu la Bwana ni hili: "Umeona vema, kwa maana ninaliangalia neno langu, ili nilitimize." Katika Kiswahili mazungumzo haya yanaonekana kama ya watu wawili wasiosikilizana. Mlozi na kuliangalia neno, wapi na wapi? Katika Kiebrania yanashikana kwa sauti: mlozi ni *shaked*, na anayekesha akiangalia jambo ni *shoked*. Tena mlozi katika nchi ile una sifa yake. Huchanua mapema kuliko miti mingine, wakati baridi haijaondoka, na maua yake hutangulia majani. Mti uliokwisha kuamka wakati mingine imelala.

Nikainua macho dirishani. Kwa hiyo hata mimi nilikuwa na mlozi wangu uani, nikautukana kwa sababu ya kanzu.

Ndugu zangu, hapa nataka tukae kidogo, maana nadhani tumezoea kuisoma Biblia kwa hali ya hewa ya watu wengine. Chukueni Wimbo Ulio Bora, sura ya pili, mahali ambapo mpenzi anamwita mwenzake atoke nje. Habari njema anayomletea ni ipi? "Mvua imekwisha, imekwenda zake." Ndipo maua yanatokea, njiwa wanasikika, mtini unatoa matunda yake. Katika nchi ile mvua huja pamoja na baridi, kuanzia mwezi wa kumi au wa kumi na moja hadi karibu na wa nne, halafu mbingu hufungwa kiangazi kizima. Machipuko yao ni mvua kuondoka. Sasa simameni sokoni Kayabwe katikati ya Machi mkatangaze kwa furaha kwamba mvua imekwisha, imekwenda zake. Mtapigwa na akina mama wenye majembe.

Kwetu ni kinyume. Machipuko yetu ni mvua kuja. Neno ni lilelile na Mpenzi anayeita ni yuleyule, lakini mlango anaoingilia ni mwingine. Nimewasikia wahubiri wazuri kabisa wakisema "majira yako ya mvua yamekwisha, pokea!" na waumini wakiitikia "Amina!" huku shambani wamekwisha kupanda mahindi. Tuangalie tunachoitikia.

Hata Kwaresima tunayoifunga sasa, jina lake la Kiingereza lilitokana na neno la kale la machipuko, la siku kurefuka. Huko kaskazini mtu anafunga huku akiona mwanga ukiongezeka kila jioni, kama anavutwa mkono kuelekea Pasaka. Sisi huku jua linachomoza karibu saa moja na kuzama karibu saa moja, mwaka mzima, halina habari na mfungo wa mtu. Hakuna anayetuongezea hata robo saa ya kutia moyo. Tunafunga gizani na mwangani kwa kipimo kilekile, na mimi huona kwamba hiyo nayo ni shule yake.

Lakini kuna jambo moja. Tarehe 20 Machi, saa saba mchana hivi, nilitoka kuanua nguo, nikaona nguzo yangu haina kivuli. Kivuli chote kilikuwa kimejikunja kwenye shina, kama paka. Nyumba yetu haiko mbali na ule mstari wa ikweta pale Kayabwe, penye duara la saruji ambapo wageni wanapiga picha, na ambapo vijana wenye mabeseni wanawaonyesha maji yakizunguka huku hivi na kule vile. (Wanaojua fizikia wanasema kinachoyazungusha ni mkono wa anayemimina, lakini vijana wanapata chakula, tuwaache.) Siku hiyo jua linapita utosini kwetu sawasawa, likivuka kwenda kaskazini. Ndiyo siku ambayo mpwa wangu na wenzake wanaihesabu kuwa ya kwanza ya machipuko.

Na ndilo jua hilohilo linalotuletea ttoggo, mvua zetu za kwanza. Likiwa juu yetu, hewa inapata moto na kupanda, pepo za kaskazini na za kusini zinakutana huku kwetu, na penye makutano hayo ndipo mawingu yanapojijenga. Mvua hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Mwezi wa tisa linarudi tena likielekea kusini, tunapata ddumbi, mvua zetu za pili. Basi jua linalomvua mpwa wangu koti ndilo linalonivika mimi gamubuti. Nilipomwandikia hivyo alinitumia alama nyingi za kucheka, halafu akauliza kama ni kweli. Ni kweli.

Hata ndege wanajua. Wiki hizi mbayuwayu wanapita juu ya uwanja wetu kwa wingi, wote wameelekea upande mmoja, kaskazini. Yeremia aliwaona pia. Katika sura ya nane anasema korongo angani anayajua majira yake, na mbayuwayu anaujua wakati wa kuja kwake, bali watu hawaijui hukumu ya Bwana. Korongo weupe wanaopita juu ya Israeli wakati wa machipuko wanatoka Afrika, wakifuata njia ya Nile. Ndege aliyemhubiria nabii alikuwa anatoka huku kwetu! Sisemi habari za kaloli, yule korongo wa majalalani Kampala. Huyo haendi popote, majira yake ni jalala.

Sasa turudi kwa Yakobo, maana hapo ndipo nilipoumia.

Katikati ya Februari, siku chache baada ya maua kutoka, ilinyesha mvua moja. Kubwa, ya usiku, ya kugonga mabati mpaka hamsikilizani ndani. Asubuhi ardhi ilinukia ile harufu ambayo nikiwa mtoto kambini Jinja tulikuwa tunatamani kuila. Jioni yake kumbikumbi wakatoka, watoto wakawakimbilia na masufuria. Nikasema, Bwana amesema. Nimeona mlozi, nimeona na mvua. Nikachukua maharage yangu yote ya mbegu, kilo sita za nambale, nikapanda kwa siku mbili, mgongo ukakatika.

Jjajja, yaani bibi, wa jirani alikuwa amekaa kwenye mkeka wake akitazama. Aliniita juu ya ua: "Mwanangu, hiyo ni ya kupoza vumbi." Nikamjibu kwa heshima, ila moyoni nilisema huyu bibi hana imani.

Maharage yaliota vizuri sana, majani mawili mawili, mazuri ya kupigia picha. Kisha jua likarudi likakaa siku kumi na tisa. Nilizihesabu. Nilijaribu kumwagilia kwa maji ya jerikeni mistari miwili ya karibu na jiko, mingine nikaiacha iungue mbele ya macho yangu.

"Mkulima hungoja mazao ya nchi yaliyo ya thamani, huvumilia kwa ajili yake hata yatakapopata mvua ya kwanza na ya mwisho." Mimi nilikuwa nikiusoma mstari huu kama mstari wa kukaa. Mkulima amekaa, anangoja, mikono mapajani. Sijui niliipata wapi picha hiyo, kwa sababu mbele ya macho yangu alikuwepo mkulima anayengoja na hakukaa. Katika siku zile kumi na tisa Jjajja alilima kipande chake chote, kidogo kidogo asubuhi kabla ya jua kali. Alitandaza majani makavu chini ya migomba. Alizibua mfereji ambao haukuwa na tone. Mbegu zake zilikuwa ndani ya mkebe, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu, na hakuzigusa. Mwezi wa tatu wenyewe Waganda wanauita Mugulansigo, yaani mnunua mbegu. Mwezi umepewa jina la kununua. Kupanda kunakuja baada ya hapo, mawingu yakishakubaliana.

Na maua ya jirikiti, je, yalinidanganya? Nimelifikiria hili sana. Yalisema kweli. Mimi ndiye niliyeyaongezea maneno. Bwana alimwambia Yeremia kwamba analiangalia neno lake ili alitimize, hakumwambia ni Jumanne ipi. Yeremia mwenyewe alingoja miaka mingi, akadhihakiwa, akashushwa kwenye kisima chenye matope, na mlozi aliouona ujanani ulikuwa umekwisha kuchanua mara nyingi kabla neno halijatimia. Mimi ishara nilipewa, nikaigeuza kalenda.

Wengine wetu tumefanya hivyo na mambo makubwa kuliko maharage. Kuna aliyeona ishara ya ndoa, akauza kiwanja. Kuna aliyepata simu moja ya kazi, akagombana na mwajiri wake jioni hiyohiyo. Simsemi mtu, najisema na mimi humo.

Alhamisi usiku wa kuamkia Ijumaa, mara nyingine tena, mabati yakaanza kuongea. Safari hii haikuwa ya kishindo. Ilianza polepole saa tisa usiku, ikitokea upande wa Ziwa Nyanza (Viktoria), ikanyesha mpaka kumekucha, ikapumzika, ikarudi mchana. Jumamosi ikarudi. Nilitoka na mwavuli kutazama nguzo yangu. Maua yamelala chini yote, yamelowa, wekundu wao umegeuka kahawia. Na pale yalipokuwa, kwenye kila ncha, kuna vijani vidogo vimefunga ngumi.

Nikapiga picha, nikamtumia mpwa wangu. "Yamefika," nikaandika.

Bado nimesimama hapo nikasikia ninaitwa juu ya ua. Jjajja alikuwa amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, jembe begani, matope mpaka magotini.

"Umepata mbegu?"

Nikamwambia bado, zile zangu aliziona mwenyewe zilivyokwenda. Hakusema neno juu ya hizo. Aliinama, akauinua mkebe, akaupitisha juu ya senyenge kwa mikono miwili. Maharage yalikuwa ya kijivu kwa majivu, yanafika nusu ya mkebe.

"Utanirudishia ukivuna," akasema. "Na leo usipande yote."