Mpira wa puani na kijiko cha mama mkwe

Mwezi wa saba hapa Uyole, Mbeya, si wa kuchezea. Ukifungua mlango asubuhi, pumzi inatoka kama moshi wa jikoni. Ndipo mwanangu, miezi saba, alipoanza na mafua tu. Usiku wa tatu nikamfunua kifua: kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panabonyea na tundu za pua zinatanuka. Nikahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu, nikapata 68. Mtoto wa umri ule akifika 50 tayari anapumua haraka. Tulifundishwa kliniki siku ya chanjo, nami nikasikiliza nusu nusu. Bajaji, hospitali, kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kinasoma asilimia 84, iko chini. Nimonia. Akawekewa oksijeni, akaanza sindano.

Hayo yote yalikwenda mbio. Kilichonitoa jasho ni chakula.

Nilijaribu kumnyonyesha. Alivuta mara mbili, akaachia, akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Asubuhi mama mkwe akashuka na Coaster ya kutoka Tukuyu, ndizi kwenye kikapu, uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. "Mwanangu, mtoto mwenye njaa atapona kwa nguvu gani? Hebu nishikie kichwa." Kijiko kikawa tayari kinaelekea mdomoni, na kusema kweli nilikuwa upande wake.

Sista akakidaka njiani. "Bibi, shikamoo. Na wewe jaribu: meza mate huku unavuta pumzi." Mama mkwe akajaribu. Haiwezekani, ukimeza, pumzi inasimama kidogo. Sasa huyu anayehema mara 60 na kitu kwa dakika atapata wapi nafasi ya kumeza? Uji ungepotea njia na kuingia kwenye mapafu yale yale yanayoumwa.

Ukaletwa mpira wa kulishia, unaopita puani hadi tumboni. Wodi nzima ikanyamaza. Akina mama wana usemi wao kwamba aliyewekewa mpira wa puani harudi nyumbani, na mama mkwe alijifunika khanga usoni asione. Mimi nadhani mpira unasingiziwa: wanaowekewa ni wale waliozidiwa, akifa mmoja lawama inaangukia kwenye kile kilichoonekana.

Sista aliupima kwanza nje ya mwili: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi katikati ya mwisho wa kifua na kitovu. Akaweka alama. Akaupitisha kwenye tundu lile lile lenye mpira wa oksijeni, ili la pili libaki wazi, maana mtoto mdogo anategemea pua kupumua. Akavuta kidogo kwa bomba la sindano, yakatoka majimaji, akadondosha tone kwenye kikaratasi cha kupimia asidi, kikageuka rangi: ncha iko tumboni. Hapo ndipo akabandika plasta shavuni.

Kazi yangu ikawa kukamua. Mara ya kwanza kwa mkono nilipata maziwa ya kufunika tu kitako cha kikombe, nikalia. Mama mkwe, aliyekuwa amenuna, akaja na kitambaa cha maji ya moto, akanikanda matiti bila neno. Yakaanza kutoka. Tulianza na mililita 40 kila saa mbili. Bomba la sindano linatolewa kisukumio chake, linachomekwa kwenye mpira, maziwa yanamiminwa, unalishikilia juu yashuke yenyewe. Ukilinyanyua sana yanakimbia, ukilishusha yanapunguza mwendo. Jirani yangu wa kitanda alichoka mkono, akarudishia kisukumio na kusukuma. Mtoto wake alitapika yote.

Kosa langu mimi lilitokea saa tisa usiku. Nilisinzia, nikashtuka mpira umechomoka nusu, ile alama inaning'inia mbali na pua. Nikaanza kuurudisha mwenyewe, taratibu, kama nawekea sindano uzi (mimi ni fundi cherehani, vidole vyangu naviamini). Sista wa zamu alinifokea hadi watoto wengine wakaamka. Ukitoka hivyo hujui ncha iko wapi. Ungemimina maziwa kwenye njia ya hewa. Aliutoa wote, akaanza upya, kikaratasi na kila kitu. Alinifokea kwa haki, ingawa angeweza kushusha sauti.

Siku ya nne oksijeni ikatolewa, kibanio kikabaki kwenye 94, pumzi zikashuka hadi 44. Wakaniruhusu nianze na titi, kinachobaki kipite kwenye mpira. Jioni alininyonya akakwaruza kwa kucha, mpira haukupewa kitu. Kesho yake ukavutwa, akapiga chafya. Mama mkwe akamshika sista mikono yote miwili: "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Gundi ya plasta iliganda shavuni kama ramani. Bibi yake ndiye aliyekaa naye uani juani, anaitoa kidogo kidogo kwa mafuta ya mgando, na ule uji wa ulezi umepoa pembeni.